Binti wa Bunda alivyokosa ofisi Musoma, akaanzia kazi duka la pembejeo

BINTI huyu wa Bunda alishuka stendi ya Musoma akiwa na barua saba kwenye bahasha za kaki, nakala za vyeti na viatu vya kuazima. Akafikia kwa shangazi yake, Nyasho, na kesho yake asubuhi akaanza kuzunguka mjini kutafuta nafasi ya mafunzo kwa vitendo, yale ambayo wanafunzi wenyewe huyaita fildi.

Siku tatu baadaye alirudi Bunda kwa nauli aliyopewa na shangazi, huku barua mbili zikiwa bado ndani ya begi.

Alikuwa mwaka wa mwisho wa stashahada ya kilimo katika chuo kimoja nje ya Mkoa wa Mara. Bila wiki nane za fildi na sahihi ya msimamizi asingeweza kuhitimu. Nyumbani, baba yake ambaye ni mkulima wa pamba alikuwa ameuza jozi ya maksai ili kulipa ada ya mwaka huo. Msimu uliofuata alilima kwa maksai wa jirani, na kama kawaida jirani alimaliza kwanza shamba lake.

"Mvua ilianza, wenzangu wanapanda, mimi nasubiri zamu," anasema mzee huyo.

Binti huyo anaomba jina lake lisiandikwe kwa kuwa bado ana maombi ya kazi sehemu mbili na hataki waajiri wamsome gazetini kabla hawajamwona. Lakini kuhusu makosa yake mwenyewe anazungumza bila kuficha.

Barua moja, ofisi saba

Kosa la kwanza, anasema, lilikuwa kuandika barua moja kisha kubadilisha jina la ofisi tu. Barua ile ile iliyokwenda kwenye ofisi ya kilimo ndiyo iliyokwenda kwenye kiwanda cha samaki, ingawa yeye alisomea mazao na hajawahi kugusa samaki zaidi ya yule wa mboga. Sehemu moja mhudumu wa mapokezi aliisoma, akamrudishia akimwonyesha kwa kidole: juu kulikuwa na jina la ofisi nyingine kabisa.

Kosa la pili lilikuwa muda. Alipeleka barua mwezi Juni akitaka kuanza Julai, wakati wenzake waliokuwa na ndugu mjini walikwisha kuulizia tangu Machi. Sehemu mbili aliambiwa nafasi zimejaa. Sehemu tatu barua zilipokelewa na mlinzi getini na hadi leo hajui kama zilifika ndani. Hakuuliza jina la mhusika wala hakuacha namba ya simu mahali panapoonekana.

Chuoni, anakumbuka, walifundishwa namna ya kuandika wasifu, kuvaa na kujibu maswali ya usaili. Hayo yote aliyashika vizuri. Alikuwa na majibu tayari kuhusu malengo yake ya miaka mitano ijayo. Hakuna aliyemuuliza.

Aliyempokea ni mama mmoja mwenye duka la pembejeo mjini Bunda, ambaye baba yake hununua kwake dawa ya pamba na dawa ya kuogesha ng'ombe. Mzee alikwenda kulipa deni, akalalamika habari za binti yake, na mama akasema, "Mlete, lakini mshahara sina."

'Vifuniko vingapi?'

Wiki ya kwanza ilikuwa ya aibu. Siku ya pili aliingia mzee mmoja mkulima wa nyanya akitaka dawa ya wadudu. Akauliza swali ambalo wauza pembejeo wote wa kanda hii wanalijua: kwa bomba moja ni vifuniko vingapi?

Binti akaanza kueleza kiasi cha dawa kwa hekta. Mzee akamsikiliza kwa adabu, akageuka na kumuuliza mama mwenye duka.

"Nilikuwa najua kila kitu isipokuwa alichoniuliza," anasema.

Jioni hiyo alikaa na kalamu. Chukua mfano wa dawa ambayo maelezo yake yanataka mililita 500 kwa hekta, zikichanganywa katika maji lita 200. Hapo kila lita ya maji inachukua mililita 2.5 za dawa. Bomba la mgongoni la lita 16 litachukua mililita 40. Na kwa kuwa hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu, ekari moja itahitaji mililita 200 za dawa na lita 80 za maji, yaani mabomba matano.

Kinachobaki ni kifuniko, na hapo ndipo penye hatari, maana vifuniko havilingani. Cha chupa hii huweza kubeba mara mbili ya cha chupa ile. Mkulima aliyezoea vifuniko viwili vya dawa ya mwaka jana akivitumia kwa dawa ya mwaka huu, ama hatauwa mdudu ama atapoteza fedha na kuunguza mazao. Binti akanunua bomba la sindano la mililita 20 lisilo na sindano, akapima vifuniko vya chupa zote zilizokuwa kwenye rafu na kuandika kwa kalamu nzito kwenye boksi la kila dawa. Wiki iliyofuata wateja walikuwa wanasoma wenyewe.

Hilo halikuwamo kwenye orodha ya mambo ambayo chuo kilimtaka ajifunze. Msimamizi kutoka chuoni alipokuja kumkagua, alilitazama kwa muda mrefu kuliko daftari lake la kumbukumbu.

Hesabu ya mama mwenye duka

Wafanyabiashara wadogo wengi hukataa wanafunzi wa fildi, na si kwa roho mbaya. Mama huyu anakiri kwamba naye alisita. Mwanafunzi anahitaji chakula cha mchana. Anaweza kuharibu mzigo, kumkosea mteja wa miaka kumi au kujua bei za jumla na kesho akafungua duka ng'ambo ya barabara. Na fedha ya duka dogo ni ile ile ya ada na ya hospitali.

Kwa hiyo mwezi wa kwanza hakumpa droo ya fedha. Alimpa stoo. Kazi ilikuwa kuhesabu kila kilichomo, kuandika tarehe ya mwisho wa matumizi na kupanga upya, zile za karibu zikae mbele. Zilionekana chupa kadhaa ambazo muda wake ulikwisha zikiwa zimejificha nyuma ya maboksi ya mbegu. Zilitengwa zisiuzwe, na mama anasema hasara hiyo ilimuuma, lakini ingemuuma zaidi kama mkaguzi angeikuta yeye hana habari. Biashara ya viuatilifu nchini husimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, na muuzaji hutakiwa awe amesajiliwa.

Kazi nyingine ilikuwa simu. Tangu Serikali ilipoanzisha ruzuku ya mbolea katika msimu wa 2022/2023, mkulima husajiliwa na kupewa namba, na muuzaji hutumia simu kukamilisha mauzo. Mama alikuwa akimsubiri mwanawe arudi shule ndipo amsaidie. Binti alilimaliza hilo kaunta, mteja akiwa amesimama.

"Nilimlisha ugali wiki nane," anasema mama akicheka. "Nikipiga hesabu, mimi ndiye ninayedaiwa."

Kuku wa mtaa mzima

Wazo lililoleta fedha lilitoka kwenye friji. Duka lilikuwa likiagiza chanjo ya kideri na chupa nyingi zilikuwa zikikaa hadi kuharibika. Sababu ni rahisi. Chupa moja huwa na dozi kwa mamia ya kuku, na mama wa nyumbani ana kuku saba. Hawezi kununua chupa nzima kwa ajili ya kuku saba, hivyo hanunui kabisa, na kideri kikipita anabaki na banda tupu.

Chanjo ya aina ya I-2 huvumilia joto kuliko zile za zamani, ingawa nayo hutunzwa kwenye ubaridi. Hutolewa kwa tone moja kwenye jicho la kuku, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kuku aliyekwisha kuugua hachanjwi kwa matumaini ya kumponya, kwa kuwa chanjo si dawa.

Binti alimweleza ofisa mifugo wa kata, akapata baraka zake, kisha akapita nyumba kwa nyumba mtaani kwao akiandika idadi ya kuku. Chupa moja ikagawanywa kwa kaya nyingi, kila mmoja akichangia kwa kichwa cha kuku. Siku ya chanjo walianza alfajiri kabla kuku hawajafunguliwa. Kwenye nyumba iliyochelewa, anasema, walikimbizana na majogoo hadi jua likachomoza.

Duka liliuza chanjo na yeye akapata ujira wake wa kwanza maishani. Haukutosha kununua hata shingo ya maksai. Alimpa mama yake.

Fildi si utarajali

Wazazi wengi huchanganya mambo haya, na inafaa yatenganishwe. Fildi hufanywa na mwanafunzi akiwa bado chuoni, na ni sehemu ya masomo yake. Uanagenzi ni kujifunza ufundi kazini, mara nyingi pamoja na chuo kama VETA, ambayo ina chuo mjini Musoma. Utarajali ni kwa aliyekwisha kuhitimu, anayekwenda mahali pa kazi kwa muda maalumu ili apate uzoefu. Serikali ilitoa miongozo ya taifa ya uanagenzi na utarajali mwaka 2017, na TaESA huwaunganisha wahitimu na waajiri. Ajira za utumishi wa umma hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira.

Aliyehitimu pia atahitaji namba ya NIDA, namba ya mlipakodi na akaunti ya benki. Binti huyu alizihangaikia baada ya kuitwa mahali, akakuta fomu ya NIDA ina jina lenye herufi moja tofauti na cheti cha kidato cha nne. Marekebisho yalichukua muda na nafasi ile ikaenda kwa mwingine. Hilo ndilo analolisikitikia kuliko barua zote saba.

Karatasi ya daftari

Baada ya kuhitimu, mama mwenye duka alimwita arudi, safari hii kwa mshahara. Binti aliomba jambo moja: makubaliano yaandikwe. Mama alishangaa kidogo, maana kwake neno lilitosha. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Waliandika kwenye karatasi ya daftari la shule: kazi, saa, mshahara, siku ya mapumziko na sehemu yake katika fedha ya chanjo. Wakatia sahihi nakala mbili.

Mzee hakufurahi. Kwake maksai wawili hawakuuzwa ili mtoto akae kaunta. Alitaka kumwona akiwa ofisa ugani wa Serikali, mwenye pikipiki na barua ya ajira.

Mama mwenye duka alijaribu kumtuliza kwa mfano wa Butiama. Mwalimu Nyerere aliyezaliwa huko mwaka 1922 alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akapita Makerere na kumaliza shahada Edinburgh mwaka 1952. Lakini mwaka 1955, alipoacha ualimu Pugu kwa ajili ya siasa, alirudi nyumbani na kwa muda akafanya kazi ya kumfundisha Kizanaki padri wa shirika la Maryknoll. Msomi mzima, akila kwa lugha ya mama yake.

Mzee alijibu kwamba huyo alikuwa Nyerere.

Mabishano hayo hayajaisha. Binti anaendelea kutuma maombi, na ameshamweleza mwajiri wake kwamba akiitwa ataondoka, ila atatoa taarifa ya mwezi mmoja. Hilo nalo limo kwenye karatasi. Kwa sasa anaweka akiba kwa ajili ya jambo ambalo hajamwambia baba yake, nalo ni ndama dume mmoja. Wa pili atafuata.

Wakati huo huo, duka limeanza kuletewa barua. Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia chenye jina la Mwalimu kimewekwa Butiama, na vijana wa kilimo watakaotafuta pa kujifunzia hawatatoshea wote kwenye ofisi za Musoma. Barua iliyokuwa juu ya kaunta wiki hiyo ilitoka kwa kijana wa Butiama. Binti aliisoma kwanza yeye, akaangalia kama jina la duka limeandikwa sawasawa, kisha akampigia simu kumuuliza kama anaweza kufika Bunda saa 1 asubuhi, kabla duka halijafunguliwa, kwa kuwa kazi ya kwanza itakuwa kuhesabu stoo.