Njia ya Nywele

Maneno ya somo la redio, yamepigwa chapa kwa ajili ya madarasa ya watu wazima

Somo hili mmekwisha kulisikia redioni. Sasa mnalo mkononi, mpate kulisoma polepole. Mwalimu wa darasa na aandike ubaoni neno moja: NJIA.

Neno hili mnalijua. Iko njia ya kwenda Ujiji. Iko njia ya kushukia mwaloni hapo Katonga, wapitapo watu asubuhi kuwapokea wavuvi wanaorudi na dagaa. Lakini njia tunayoitaka leo iko kichwani. Ni ule mstari wa ngozi unaoonekana nywele zikigawanywa, fungu moja likalala kulia na fungu jingine kushoto. Njia ikipita katikati ya kichwa, mafungu huwa sawa. Ikipita upande, fungu moja huwa kubwa na jingine dogo. Leo tutazungumza habari za njia ya upande katika nywele za kipilipili, maana hizo ndizo nywele za wengi wetu.

Huenda mtu akauliza, je, hili nalo ni jambo la kufundishwa watu wazima? Naam, ni jambo la kufundishwa. Kwa ajili ya mstari huu mdogo watu wengi wamepata mapunye, madonda na vipara, na wengine wamepata ugonjwa wa ini bila kujua ulikotoka.

Kwanza tuseme kwamba mtindo huu si mgeni kwetu. Tazama picha za Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, nchi ile ambayo milima yake twaiona ng'ambo ya ziwa siku hewa ikiwa safi. Bwana Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961, lakini picha zake zimebaki, na katika nyingi utaiona njia upande mmoja wa kichwa, imenyooka kana kwamba imepigwa kwa rula. Picha za Nelson Mandela za miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 ni vivyo hivyo. Mwaka 1962 alipita Tanganyika kwa siri akitafuta msaada wa nchi za Afrika kwa watu wake. Ukiwa na picha za zamani za nyumbani, za babu aliyekuwa karani au mwalimu, zitoe sanduku uzitazame. Huenda ukaikuta njia hiyo hiyo.

Basi kwa nini nywele za kipilipili hazikubali njia kwa urahisi? Nywele za singa ukizigawa kwa kitana hulala. Zetu ukizigawa zikiwa kavu, mara husimama tena na kuufunika mstari. Wengine husema nywele hizi ni kaidi, au ni mbaya. Maneno hayo si kweli, na mimi sipendi kuyasikia, hasa mama akimwambia mtoto wake.

Sababu ni umbo. Kila unywele huota katika kishimo kidogo ndani ya ngozi. Kwa mwenye nywele za singa kishimo hicho kimenyooka. Kwa mwenye kipilipili kimepinda, na unywele wenyewe ni bapa kidogo, si mviringo kama uzi wa nyavu. Kwa hiyo unapotoka nje hujizungusha, ukawa kama waya uliosokotwa juu ya kalamu. Unywele mmoja hujishika na jirani yake, na hayo ndiyo mafundo tunayoyapata tukichana.

Tena iko habari ya mafuta. Ngozi ya kichwa hutoa mafuta yake yenyewe. Katika nywele zilizonyooka mafuta hayo huteremka mpaka nchani. Katika nywele zilizojizungusha hayafiki mbali, kama vile mtu mwenye haraka asivyofika upesi kwa njia yenye kona nyingi. Ndiyo maana ncha za nywele zetu hukauka na kukatika, hasa kwa mtu ashindaye juani akianika dagaa.

Sasa yako mambo mawili ya kushika: maji na subira.

Maji hulegeza vifungo vidogo vidogo vilivyo ndani ya unywele, vile vinavyoushikilia katika umbo lake. Unywele ukiloa hulainika na hukubali kuwekwa upande. Ukikauka, vifungo hujifunga tena, na unywele hubaki pale ulipokauka. Basi njia hupasuliwa nywele zikiwa na majimaji, na huachwa zikauke zikiwa zimelazwa. Mtu apasuaye njia katika nywele kavu anapigana vita asivyoviweza, na kila ajaribupo anakata nywele zake.

Fanya hivi. Osha kichwa kwa sabuni. Sabuni ya mawese ya hapa Kigoma yafaa, ila uisuuze sana, maana ikibaki hukausha ngozi. Futa maji kwa kitambaa, usisugue. Nywele zikiwa bado na unyevu, paka mafuta kidogo. Mafuta ya nazi ni mazuri. Asiye na nazi atumie mafuta ya mise, yaani yale ya kokwa la chikichi. Mawese mekundu yatakuchafulia kola ya shati, na harufu yake watu wataijua kabla hujafika. Gawa nywele mafungu manne. Fungua mafundo kwa vidole kwanza. Kisha chukua chanuo, au kitana chenye meno yaliyoachana, uanze kuchana nchani, halafu katikati, mwisho shinani. Watu wengi huanza shinani na kuvuta. Ndipo mtoto hulia, na ndipo unaona nywele nyingi zimebaki kwenye kitana.

Baada ya hayo tafuta mahali pa njia. Tazama kioo. Weka kidole juu ya nyusi, pale inapopanda juu kuliko kwingine, kisha kipandishe moja kwa moja mpaka nywele zinapoanzia. Hapo ndipo njia ya upande ianzie kwa watu wengi. Upande gani, kulia au kushoto? Papasa utosini kwa nyuma, pale nywele zinapozunguka kama maji ya mto yanavyozunguka jiwe. Kwa wengine mzunguko huo uko kushoto kidogo, kwa wengine kulia. Njia ikielekea upande ule, nywele hulala kwa urahisi zaidi. Chora mstari kwa mkia wa kitana au kwa njiti safi isiyochoma, kutoka mbele kwenda nyuma, mara moja, bila kukwaruza ngozi. Laza fungu kubwa huku na fungu dogo huku kwa kiganja. Funga kichwa kwa kitambaa laini hadi zikauke. Ukifanya hivyo usiku, asubuhi utaikuta njia yako.

Nisiseme kwamba itakaa milele. Jasho likitoka, au mvua ikinyesha, au ukipanda mtumbwi usiku upepo ukiwa na unyevu, maji yataingia tena katika unywele na vifungo vitalegea. Hata kitana cha moto, ambacho kwa joto hunyoosha nywele, hushindwa na maji yayo hayo. Dawa za kunyoosha nywele zenye magadi makali ni jambo jingine: hizo huvunja vifungo vyenye nguvu, navyo havirudi. Zaweza kuunguza ngozi na hata kudhuru macho. Anayezitumia na asome karatasi ya kopo kwanza, ahesabu dakika kwa saa, wala asizipake juu ya ngozi yenye mkwaruzo. Mnaojifunza kusoma, hiyo nayo ni faida yake.

Tuje kwa akina mama na wasusi. Njia ya upande hupendeza sana katika kusuka, hata kwa misuko ya kila siku kama twende kilioni. Lakini liko jambo moja ambalo nataka mlisome mara mbili. Nywele zikivutwa kwa nguvu, mahali pale pale, mwezi baada ya mwezi, mizizi yake huchoka. Kwanza huja vipele vidogo kando ya njia na kwenye paji la uso. Halafu nywele huwa nyembamba. Mwisho hazioti tena, na njia iliyokuwa na upana wa uzi imekuwa na upana wa kidole. Katika dalili za kwanza nywele zaweza kurudi, ukiacha kuvuta. Kishimo kikishafungwa na kovu, hazirudi.

Watu wamezoea kusema kwamba msusi mwenye mkono mzito ndiye fundi, na kwamba kichwa lazima kiume usiku wa kwanza. Mimi nasema kichwa kinachouma kimevutwa mno, na dawa yake ni kufumua, hata kama fedha imekwisha kulipwa. Tena, njia ihamishwe. Mwezi huu iwe kulia, mwezi ujao kushoto, safari nyingine katikati. Mizizi nayo ipate kupumzika. Kwa mtoto mdogo, msuko uwe mlegevu, na siku nyingine aachwe bila msuko.

Sasa wanaume. Wengi wenu nywele zenu ni fupi, na njia yenu haichanwi, hunyolewa. Kinyozi hukata mstari kwa ncha ya wembe au kwa mashine. Mstari huo ni safi na hauharibiwi na mvua. Lakini hesabuni pamoja nami. Nywele huota karibu sentimita 1 kwa mwezi, na pengine pungufu kidogo. Njia iliyonyolewa leo, baada ya wiki mbili ina vinywele vya karibu nusu sentimita, nayo imefifia. Basi mwenye kuipenda humwendea kinyozi mara 2 kwa mwezi. Kwa mwaka ni mara 24. Mara 24 wembe unapita juu ya ngozi yako, na kila mara waweza kukata kidogo, mkato usioonekana wala kuuma.

Kama wembe huo umetoka katika kichwa cha mtu mwingine, umebeba alichonacho. Virusi vya homa ya ini aina ya B vyaweza kukaa nje ya mwili siku 7 vikiwa bado na nguvu, hata katika damu iliyokauka ambayo jicho haliioni. Mtu aliye navyo aweza kuonekana mzima miaka mingi, na mwisho ini lake likaharibika au likapata saratani. Virusi vya UKIMWI navyo vyaweza kupita kwa damu mbichi iliyo kwenye wembe. Kuufuta wembe kwenye suruali si kuusafisha. Kuupuliza si kuusafisha. Wembe mmoja ni wa kichwa kimoja, kisha hutupwa mahali ambapo mtoto hataukanyaga.

Mashine haitupwi, kwa hiyo husafishwa kwa kila mteja: nywele zitolewe kwa brashi, kisha meno yalowekwe katika spiriti dakika 10, si kupanguswa tu. Kinyozi mwenye vichwa viwili vya mashine atalaza kimoja akitumia kingine, na hatapoteza wateja.

Mashine chafu na vitana vya kuazimana ndivyo pia vinavyoeneza mapunye, hasa kwa watoto. Mapunye hayaletwi na uchawi wala na uchafu wa mama. Ni aina ya kuvu iingiayo ndani ya unywele, ikala mpaka shinani. Kwa hiyo mafuta ya kupaka peke yake hayaifikii; mtoto huhitaji dawa ya kumeza kutoka zahanati, naye huimeza kwa wiki kadhaa mpaka iishe. Msipake mafuta ya taa wala maji ya betri. Huunguza ngozi, na kuvu hubaki.

Jambo jingine linawahusu wenye nywele za kipilipili hasa. Unywele uliokatwa karibu mno na ngozi, kwa kuwa umepinda, hurudi na kuchoma ngozi kutoka ndani. Ndivyo vile vipele vya kisogoni na vya kidevuni, ambavyo kwa wengine hugeuka makovu magumu. Mwenye vipele hivyo aombe mashine badala ya wembe, na abakize kivuli cha nywele. Njia itaonekana tu.

Najua kwamba si rahisi kumwuliza kinyozi habari za wembe wake, hasa akiwa mtu mzima anayemjua baba yako, na watu wamekaa kwenye benchi wakisikiliza. Njia nyepesi ni kununua wembe wako njiani na kumpa mkononi. Bei yake ni ndogo.

Zoezi. Mwalimu na aandike maneno haya ubaoni, ninyi myanakili katika daftari, kisha wawili wawili msomeane kwa sauti, mmoja akiwa kinyozi na mwingine mteja:

"Shikamoo, mzee. Naomba njia upande wa kushoto."

"Marahaba. Karibu, kaa."

"Ahsante. Wembe huu hapa, ni mpya. Tafadhali ufungue mbele yangu."