Kila Msee na Swingi Yake

Maze, kuna swali moja ukiliuliza hapa base watu hawaendi kulala: kati ya wachezaji wa gofu Rory McIlroy na Jim Furyk, nani ako na swingi ya ukweli? Morio wangu mmoja ni kedi, hubebanga mabegi ya wadosi tangu ngware, na yeye ata hajibu. Anatoa simu, anacheza video mos mos, anaisimamisha pale fimbo inagusa mpira, kisha anafunika mchezaji kutoka kifua hadi kichwa na kidole gumba. "Haya buda, huyu ni nani?" Huwezi jua. Mi nilipendea gofu hapo.

Swingi ya Rory ndio kila mtu anadai. Chali wa Holywood, Ireland ya Kaskazini, si mrefu kivile, lakini mpira wake unaenda mbali vibaya. Akipanda na fimbo, mabega yanazunguka hadi mgongo unaangalia kwenye mpira utaenda. Kushuka, kiuno kinatangulia, mabega yanafuata, mikono inafuata, fimbo inakuja ya mwisho kama ncha ya mjeledi. Akimaliza amesimama tu, fiti, hajayumba. Hio ndio ilimpea Masters 2025, akawa amebeba taji zote nne kubwa.

Sasa cheki Furyk. Fimbo anaiinua wima, mbali na mwili, ni kama anatafuta kitu kwa dari. Ikifika juu inakata kona, inadondoka nyuma yake, ndio irudi kwa mpira. Ukimwona mara ya kwanza unadhani amekosea. Lakini akifika chini, kiuno kishafunguka kinaangalia mbele, mikono iko karibu na mwili, uso wa fimbo umenyooka. Kocha wake ni fathe yake, Mike, na alimwachia hio swingi venye ilikuwa. US Open ya 2003 Furyk alienda nayo home.

Hizo swingi mbili zote hufanya kazi ju mpira na fimbo hugusana muda mfupi sana, kama nusu ya elfu moja ya sekunde hivi. Mpira hauna rada ya venye ulijizungusha huko juu. Unachoskia ni uso wa fimbo unaangalia wapi, fimbo inatoka wapi ikienda wapi, iko na mbio gani, na imegonga katikati ama pembeni. Hizo zingine zote ni barabara za kufika hapo, na kila mwili uko na yake.

Kama unabisha, rudi Septemba 2020, US Open pale Winged Foot, New York. Siku ya mwisho kundi la mwisho lilikuwa la wasee wawili wenye swingi zenye hakuna kitabu kingekufunza. Matthew Wolff alikuwa mbele na mikwaju miwili. Yeye huanzanga na kamchezo ka kiuno, fimbo inapanda wima na kukata kona, karibu tu kama ya Furyk. Mwingine ni Bryson DeChambeau, alisomea fizikia chuo. Mikono na fimbo yake hukaa mstari mmoja tangu anasimama, mishikio yake ni minono, na fimbo zake za chuma zote zilikuwa urefu sawa ndio asibadilishe mkao kila saa. Siku hio Bryson alipiga 67, Wolff akapiga 75. Bryson akashinda na mikwaju sita, na ndiye pekee alimaliza chini ya pa. Nambari mbili? Wolff. Wale wenye swingi za kuchorwa wote walikuwa nyuma yao.

Lakini mwenye hunigusa roho ni Jon Rahm. Alizaliwa Uhispania na mguu wa kulia umepinda, madaktari wakaunyosha na kuufunga plasta akiwa mtoi mchanga kabisa. Hadi leo huo mguu ni mfupi kidogo na kifundo hakikunji poa. So akapunguza kupanda: fimbo inasimama mapema, kabla mwili uanze kuyumba, alafu nguvu yote inatoka kwa kuzunguka. US Open 2021, Masters 2023. Imagine kocha angemlazimisha apande kama Rory.

Scottie Scheffler naye miguu humtelezanga akipiga, ule wa kulia unaenda nyuma kama amekanyaga sabuni. Masters mbili, 2022 na 2024, na hakuna mtu amethubutu kuifunga hio miguu.

Morio wangu mwenyewe alijifunza na fimbo moja kuukuu kwa kachochoro kati ya keja mbili, so hapandishi sana, ukuta ulikuwa hapo. Kuna mwalimu alimshow aibadilishe yote aanze upya. Mi nilimwambia azime. Nikamwonyesha Furyk, Agosti 2016, Travelers Championship huko Connecticut, mzae wa miaka 46. Ile kona ya kwa dari, shimo baada ya shimo, kadi ikasoma 58. Hakuna mwingine ameshuka hadi hapo PGA Tour. Morio akaicheki hio video mara tatu, akarudisha simu mfukoni, akasema kesho ngware atanipitia.