Punda wa Kazi ni Mwanariadha: Jinsi ya Kumjenga, Kumpima na Kumpumzisha

Mkaazi yeyote wa kisiwa cha Lamu anajua kwamba gari halipiti katika vichochoro vya Mji wa Kale. Mawe ya ujenzi, mchanga, saruji na mizigo inayoshushwa gatini husafirishwa kwa punda, kwa mkokoteni au kwa mabega ya watu. Na punda huyo huyo anayebeba mchanga asubuhi ndiye anayetegemewa kushinda mbio za ufuoni wakati wa Maulidi na wakati wa Tamasha la Utamaduni la Lamu.

Wahenga walisema, "Punda afe, mzigo wa bwana ufike." Leo hesabu hiyo haimfaidi mwenye punda. Punda akifa, mzigo wa leo huenda ukafika, lakini wa kesho utabaki gatini. Tena kumpata mwingine si rahisi kama zamani. Sensa ya mwaka wa 2009 ilihesabu zaidi ya punda milioni 1.8 nchini Kenya. Sensa ya mwaka wa 2019 ilikuta karibu milioni 1.2. Mojawapo ya sababu zinazotajwa ni biashara ya ngozi za punda.

Makala haya yanaeleza kinachotokea ndani ya mwili wa punda anapofanya kazi au anapokimbia, na jinsi mwenye punda anavyoweza kujua kwa hakika kwamba mnyama wake amechoka. Mengi ya maarifa haya yametokana na uchunguzi wa farasi wa mashindano, ambao ni jamaa wa karibu wa punda.

Moyo unasema kweli

Shida kubwa ya punda ni kwamba haonyeshi maumivu. Farasi akiumwa hugaagaa na kutoka jasho. Punda hunyamaza na kuinamisha kichwa. Porini, mnyama anayeonekana dhaifu ndiye huliwa kwanza, na punda bado ana tabia hiyo. Kwa hivyo macho peke yake hayatoshi. Pima mapigo ya moyo.

Weka ncha za vidole viwili chini ya taya, mahali mshipa wa damu unapovuka mfupa. Utahisi unagonga. Hesabu kwa sekunde 15, kisha zidisha mara nne. Punda mzima aliyetulia huwa na mapigo kati ya 36 na 52 kwa dakika. Hupumua kati ya mara 12 na 28 kwa dakika, nayo unaweza kuihesabu kwa kutazama ubavu ukipanda na kushuka. Joto la mwili wake ni kati ya nyuzi 36.2 na 37.8.

Mpime punda wako asubuhi tatu mfululizo kabla hajaanza kazi, na uandike namba hizo. Hizo ndizo namba zake za kawaida, na ndizo utakazozitumia kumlinganisha naye mwenyewe siku nyingine.

Akifanya kazi, mapigo hupanda, na hilo ni jambo jema. Farasi anayekimbia kwa nguvu zake zote anaweza kufikisha mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. La muhimu ni kasi ya kushuka kwake. Katika mbio ndefu za farasi duniani, madaktari wa mifugo husimamisha kila farasi kwenye vituo vya njiani. Asiyeshuka hadi mapigo 64 kwa dakika katika muda uliowekwa huondolewa mashindanoni, hata kama anaongoza. Nasi tunaweza kujiwekea kipimo kama hicho: ikiwa nusu saa baada ya kupumzika kivulini mapigo ya punda bado yako juu ya 60, kazi ya siku hiyo imekwisha.

Joto ndilo adui mkubwa

Misuli inapochoma chakula kupata nguvu, takriban robo tu ya nguvu hiyo huwa mwendo. Robo tatu hugeuka joto, na joto hilo lazima litoke nje ya mwili. Mbwa hulitoa zaidi kwa kuhema huku ulimi ukiwa nje, ndiyo maana mbwa anayekimbizwa mchana huanguka haraka. Farasi na punda hutegemea jasho. Jasho likikauka ngozini, hubeba joto. Lakini hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na siku isiyo na upepo jasho huchuruzika bila kukauka. Mnyama hupoteza maji na chumvi, na joto hubaki ndani.

Punda huvumilia kiu kuliko wanyama wengi wa kufugwa. Mtafiti Mkenya Geoffrey Maloiy, aliyekuja kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alichapisha mwaka wa 1970 utafiti wake kuhusu punda wa Kisomali na maji. Punda hao walivumilia kupoteza maji yanayokaribia asilimia 30 ya uzito wao, na walipofikishwa kwenye maji walijaza pengo hilo kwa dakika chache tu. Binadamu akipoteza theluthi ya kiasi hicho, huwa taabani.

Uvumilivu huo umewaponza. Kwa kuwa punda haanguki kwa kiu, wengi wetu tunadhani hahitaji maji hadi jioni. Kuvumilia ni kuishi tu. Hakumaanishi kwamba kazi inaendelea vizuri. Damu iliyopungua maji huwa nzito, moyo hulazimika kupiga mara nyingi zaidi, na jasho la kupoza mwili hupungua. Punda wa kazi anahitaji kati ya lita 10 na 25 za maji kwa siku, na siku za joto la kaskazi huelekea upande wa juu. Mpe kidogo kidogo kila baada ya safari chache. Jasho la jamii ya farasi pia lina chumvi nyingi kuliko damu yao, kwa hivyo mwekee jiwe la chumvi la kulamba mahali anapolala.

Wapo wanaoamini kwamba mnyama mwenye joto akinywa au akimwagiwa maji baridi atapata madhara. Kabla ya Michezo ya Olimpiki ya Atlanta ya mwaka wa 1996, ambako joto na unyevu vilitarajiwa kuwa vikali, watafiti walilichunguza jambo hili kwa farasi. Walikuta kwamba kummwagia mnyama maji baridi mengi mwili mzima, tena na tena, humpoza haraka na kwa usalama. Hata punda akitoka kazini akiwa moto, mwache anywe na ummwagie maji.

Mapumziko ndiyo hujenga nguvu

Kazi ngumu haimpi mnyama nguvu papo hapo. Humchosha na kumchubua kidogo ndani ya misuli na mifupa. Nguvu huja baadaye, mwili unapokarabati sehemu hizo na kuziacha imara kuliko zilivyokuwa. Asipopata muda wa ukarabati, michubuko midogo hujumlishana hadi inakuwa jeraha.

Sehemu za mwili hazijengeki kwa kasi moja. Moyo na damu huimarika kwa wiki chache. Misuli huchukua miezi michache. Kano na mifupa huhitaji miezi mingi, wakati mwingine mwaka. Hapa ndipo pana mtego. Baada ya mwezi mmoja wa mazoezi punda anaweza kukimbia bila kuhema, mwenyewe akafurahi na kumwongezea, kumbe miguu bado haijawa tayari. Mfupa hata hupitia kipindi cha udhaifu, kwa sababu mwili huondoa mfupa wa zamani kabla ya kuujaza mpya. Wengi wanaochechemea huumia katika kipindi hiki.

Kwa sababu hiyo hiyo, punda mdogo asibebeshwe mzigo wala kupandwa. Mifupa yake haikomai kabla hajakaribia miaka 4, na mgongo uliopindishwa mapema haunyooki tena.

Kuna pia akiba ya sukari iliyowekwa ndani ya misuli, ambayo ndiyo mafuta ya mwendo wa kasi. Binadamu akila vizuri huijaza tena kwa takriban siku moja. Farasi huhitaji siku mbili hadi tatu. Mwenye punda aliyebebesha mawe Jumatano na Alhamisi, kisha akamwingiza mbioni Ijumaa, amepeleka chombo baharini bila mafuta. Kiboko hakiwezi kujaza tangi hilo.

Kumwandaa punda wa mbio

Kwa punda mzima, mwenye afya na aliyezoea kutembea, wiki sita zinatosha kumweka sawa kwa mbio fupi. Ufuatao ni mfano wa mpango.

Wiki ya 1 na ya 2: mwendo wa kutembea kwa haraka, dakika 30 hadi 40, siku nne kwa wiki, alfajiri au baada ya alasiri. Muda huu pia humzoesha joto.

Wiki ya 3 na ya 4: changanya kutembea na mwendo wa mchakamchaka, dakika mbili mbili, mara tano au sita.

Wiki ya 5: mbio fupi za kasi mara mbili tu kwa wiki, kila mara umwache atembee hadi pumzi itulie kabla ya kurudia. Siku inayofuata iwe ya kutembea tu.

Wiki ya 6: punguza. Siku tatu za mwisho atembezwe kidogo, asibebe chochote, ale na kunywa vizuri.

Ongeza jambo moja kwa wakati. Ukiongeza umbali, usiongeze kasi wiki hiyo. Ukihama kutoka mchanga laini hadi mchanga mgumu, punguza vyote viwili kwanza. Na siku za mazoezi makali zisiwe siku za kubeba mizigo, kwa sababu mwili wa punda huhesabu kazi zote pamoja.

Hesabu ya mzigo

Ushauri wa kawaida ni kwamba mzigo wa mgongoni usizidi robo hadi theluthi ya uzito wa punda. Chukua punda wa kilo 150. Robo ni kilo 37 na nusu, theluthi ni kilo 50. Maana yake ni kwamba mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 tayari umefika kikomo chake. Mifuko miwili ni theluthi mbili za uzito wake mwenyewe.

Shogi liwe na uzito sawa pande zote mbili, na chini yake pawe na kitambaa kinene, kikavu na kisafi. Uti wa mgongo usiguswe na kamba. Kidonda cha mgongo humfanya punda akaze misuli na kubadilisha mwendo, hivyo hutumia nguvu zaidi kwa safari ile ile na huumiza miguu. Kwato nazo zichunguzwe kila siku na zipunguzwe kila baada ya wiki sita hadi kumi.

Dalili ambazo hazingoji kesho

Simamisha kazi na utafute daktari wa mifugo ukiona lolote kati ya haya:

– Pumzi au mapigo hayatulii baada ya nusu saa kivulini.
– Ufizi umekauka au umebadilika rangi. Ukiubonyeza kwa kidole, rangi irudi ndani ya sekunde mbili.
– Mkojo ni wa rangi ya kahawia, au misuli ya mapaja imekakamaa. Hii ni dalili kwamba misuli inavunjika.
– Anayumba, au haweki mguu mmoja chini sawasawa.
– Hataki kula.

Dalili ya mwisho hupuuzwa sana. Punda asipokula, mwili huyeyusha mafuta yake kwa wingi hadi damu hujaa mafuta, na ini na figo huanza kushindwa. Hali hii humwua punda ndani ya siku chache. Punda aliyefanya kazi kupita kiasi jana na leo hali chakula ni mgonjwa wa dharura, hata kama amesimama kimya kama kawaida yake.

Sheria na mahali pa kupata msaada

Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, inatambua kuwa ni kosa kumbebesha mnyama mzigo unaomzidi, kumpiga kikatili au kumfanyisha kazi akiwa mgonjwa au na jeraha. Sheria hiyo inamhusu mwenye punda na pia anayemwendesha kwa niaba ya mwenyewe. Kwa hivyo unayemkodisha kijana punda wako, mweleze mipaka ya mzigo kabla hajatoka.

Kwa ushauri kuhusu lishe, dawa ya minyoo na chanjo, muone afisa wa mifugo wa wadi yako. Kisiwani Lamu pia kipo kituo cha kuhudumia punda kilichofunguliwa mwaka wa 1987, ambacho kimejulikana kwa kutibu punda bila malipo. Usingoje kidonda kioze.

Kwa leo, anza na jambo moja lisilogharimu hata shilingi. Jioni hii punda akishafunguliwa shogi na kunywa maji, weka vidole viwili chini ya taya yake, uhesabu, na uandike namba hiyo.