Siku Kumi na Nne za Kwanza Japani

Ndege ikitua Narita, Haneda au Kansai, mwanafunzi wa kigeni hukabidhiwa kadi ndogo ya ukaazi kabla hata hajaliona begi lake. Tangu siku anapopata pa kukaa, sheria inampa siku 14 awe amefika ofisi ya manispaa kuandikisha anwani, nayo huandikwa nyuma ya kadi hiyohiyo. Bila anwani hafungui akaunti ya benki. Bila akaunti ni taabu kupata laini ya simu ya mkataba, na benki nayo, kabla ya kumfungulia, humtaka ataje namba yake ya simu.

Fundo hili huwachosha wengi, nalo halifunguliwi kwa haraka wala kwa kupaza sauti. Hufunguliwa kwa kwenda dirisha moja baada ya jingine, karatasi mkononi. Ndiyo maana vyuo vingi humpa mgeni mwanafunzi mwenyeji wa kumshika mkono, anayeitwa "chuta". Kazi yake ya kwanza si kufundisha. Ni kukaa kando ya mgeni manispaa, akimwonyesha pa kuandika jina na pa kuandika tarehe.

Katika safari hiyohiyo ya manispaa hupatikana jambo lenye faida kubwa kuliko yote, yaani bima ya afya ya taifa. Kila anayekaa zaidi ya miezi mitatu hujiunga nayo. Akiugua jino au akivunjika mkono, yeye hulipa asilimia 30 ya gharama na bima hubeba 70. Mwanafunzi anayeiona michango ya kila mwezi kuwa mzigo hubadili mawazo siku ya kwanza anapolazwa.

Japani inawataka wageni hawa. Mwaka 2008 serikali ilijiwekea lengo la kufikisha wanafunzi wa kigeni 300,000 ifikapo 2020, na idadi hiyo ilipitwa mwaka 2019. Mwaka 2023 lengo likapandishwa hadi 400,000 ifikapo 2033. Walio wengi hutoka China, Nepal na Vietnam. Waafrika ni wachache, na nje ya miji mikubwa mwanafunzi wa Kitanzania au Kikenya anaweza kumaliza muhula mzima bila kukutana na mtu wa kwao.

Anayekwenda kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi kwa kawaida hulipa ada chuoni kwake, hivyo chuo cha Japani hakimtozi. Baadhi hupata posho ya yeni 80,000 kwa mwezi kutoka JASSO, shirika linalosimamia huduma za wanafunzi nchini humo. Kwa anayekaa bweni la chuo, fedha hiyo hutosha akijibana. Kwa anayepanga chumba mtaani Tokyo, kodi huimega vibaya, tena mwenye nyumba anaweza kudai pia dhamana, mdhamini, na "reikin", yaani fedha ya shukrani ambayo hairudi. Ushauri wa wazi ni kuomba bweni mapema, hata kama chumba ni cha mikeka sita ya tatami, ambayo ni kama mita 10 za mraba.

Akishapata chumba, mwalimu wake wa kwanza huwa ni taka.

Kila mtaa una kalenda yake. Siku fulani za wiki ni za taka za kuchomwa, siku nyingine ni za plastiki, nyingine za chupa na makopo. Mfuko hutolewa asubuhi, katika mitaa mingi kabla ya saa 2, wala si usiku uliotangulia. Kyoto wana mifuko yao maalumu inayonunuliwa dukani: ya njano ni ya taka za kuchomwa, na inayoonyesha ndani ni ya makopo na chupa. Chupa ya maji huvuliwa kifuniko, hubanduliwa karatasi yake na kusuuzwa kabla ya kutupwa. Kitanda au kabati halitupwi hivihivi. Mtu hupiga simu kuweka miadi, hununua stika ya malipo, huibandika, ndipo gari huja kulichukua. Katika mji mdogo wa Kamikatsu, kisiwani Shikoku, wakazi huchambua taka katika makundi zaidi ya 40.

Mfuko uliokosewa hauchukuliwi. Hubandikwa karatasi ya onyo na kuachwa palepale, majirani wakiuona. Hakuna atakayegombeza. Ukimya huo humtia mgeni aibu kuliko kelele, na humfundisha jambo litakalomsaidia mwaka mzima, kwamba Japani mtu hakatazwi kwa maneno mengi. Kanuni imekwisha kuandikwa mahali, na kila mtu anadhaniwa ameisoma. Lipo pia jambo ambalo mkazi wa Dar es Salaam atalielewa upesi. Wavu unaofunika mifuko ile umewekwa kwa ajili ya kunguru.

Lugha ndiyo humtisha msafiri kuliko yote, na hapa mwenye Kiswahili ana mtaji asioujua. Kijapani kina irabu tano zilezile: a, e, i, o, u. Silabi zake karibu zote huishia kwa irabu, isipokuwa "n" inayoweza kusimama peke yake, jambo lisilomshangaza mtu anayetamka "nchi" kila siku. Urefu wa irabu hubadili maana: "obasan" ni shangazi au mama mdogo, "obaasan" ni bibi. Aliyekua akitofautisha "kata" na "kataa" ana sikio la kulishika hilo. Kinachomponyoka ni jina lake mwenyewe. Kijapani hakitenganishi l na r, na konsonanti hazikai pamoja bila irabu katikati, hivyo Lulu huitwa Ruru na Salma huwa Saruma.

Maamkizi nayo yana undugu wa kushangaza. Mtu akimaliza kazi huambiwa "otsukaresama", neno linalowapa shida wafasiri wa lugha za Ulaya, ilhali Mswahili ana lake tayari: pole na kazi. Anayeingia nyumba ya watu husema "ojama shimasu", akikiri kuwa anawasumbua wenyeji. Kwetu ni hodi. Heshima kwa aliyetangulia darasa, "senpai", haihitaji maelezo marefu kwa aliyelelewa na shikamoo. Tofauti ni kwamba Kijapani hubadilisha hata vitenzi kumheshimu mkubwa, na hilo huchukua miaka kulizoea. Na kama atapangiwa Chuo Kikuu cha Osaka, anaweza kukutana na Wajapani wanaomsalimu kwa Kiswahili, kwa kuwa kinafundishwa pale, katika kampasi ya Minoh.

Mwaka wa masomo huanza Aprili, na muhula wa pili huanza mwishoni mwa Septemba au Oktoba. Kipindi kimoja katika vyuo vingi ni dakika 90, na mihadhara huwa kimya. Uhai wa chuo uko kwingine, katika "zemi", kikundi kidogo kinachomzunguka profesa mmoja, na kwa wanasayansi katika maabara, ambamo mtu hutarajiwa kuonekana kila siku hata kama hana kipindi. Mgeni anayekuja darasani kisha akarudi bweni moja kwa moja atapata alama zake na kukosa marafiki. Vilabu vya wanafunzi, viwe vya judo, ngoma au kupanda milima, ndivyo vinavyomtoa katika upweke huo.

Kazi ya muda inaruhusiwa, ila kwa kibali, ambacho huweza kuombwa uwanjani siku ya kuwasili. Kikomo ni saa 28 kwa wiki, na saa 8 kwa siku wakati wa likizo ndefu. Wengi huosha vyombo mikahawani au hukaa kaunta za maduka yanayofunguliwa saa 24. Kuvuka kikomo ni kuihatarisha visa, na hakuna mshahara unaostahili hatari hiyo.

Chakula humhitaji Mwislamu kuwa macho. Nyama ya nguruwe huonekana, lakini pombe hujificha ndani ya sosi na katika "mirin", kiungo cha kupikia. Baadhi ya mikahawa ya vyuo sasa ina vyakula halali, na katika mtaa wa Shin-Okubo, Tokyo, yako maduka ya halali yenye viungo na mchele usionata. Msikiti wa kwanza wa nchi hiyo ulijengwa Kobe mwaka 1935, na bado unaswaliwa. Anayetamani sukuma wiki ajaribu komatsuna, mboga ya majani inayokubali kukaangwa na kitunguu.

Baridi isichukuliwe kirahisi. Nyumba nyingi hazina mfumo wa kupasha joto jengo zima. Chumba kimoja huwa na joto na bafu huwa barafu. Na siku moja simu zote chumbani zitalia kwa mpigo, mlio wa tahadhari ya tetemeko. Wajapani hupima mtikisiko unaohisiwa mahali kwa kipimo cha 0 hadi 7, chenye ngazi 10 kwa kuwa ya 5 na ya 6 zimegawanywa mara mbili. Kinachotakiwa ni kuingia chini ya meza na kulinda kichwa, kisha mtikisiko ukitulia kuzima jiko na kufungua mlango. Mazoezi ya chuo kuhusu hili yasikoswe kwa sababu yoyote.

Anayesubiri barua ya kukubaliwa asingoje kufika ndipo aanze lugha. Aanze na hiragana, herufi 46 za msingi, kisha katakana, ambazo ndizo zitakazoandika jina lake. Kwa saa moja kila siku atakuwa amezimaliza kabla visa haijatoka, na siku ya manispaa ataweza kujisomea mwenyewe sauti ya jina lake kwenye fomu.