Swali Likigeuzwa

Kozi ya kwanza ya uwezekano na takwimu chuo kikuu huanza kwa upole unaodanganya. Wiki za mwanzo ni kurusha shilingi, mwenge au kichwa, kutupa dadu, na kuchomoa mipira myekundu na myeupe kwenye mfuko. Aliyetoka kidato cha sita na alama nzuri za hesabu huketi nyuma akijiona kashafika.

Hata hivyo, dadu zimewahi kuwasumbua wakubwa. Chevalier de Méré, mcheza kamari wa Ufaransa, alijua kwamba ukitupa dadu moja mara 4 na kuweka dau kuwa 6 itatokea walau mara moja, unapata faida. Basi dadu mbili zikitupwa mara 24, dau la kupata 6 mbili kwa mpigo nalo lilipe vilevile. Si 4 kwa 6 ni sawa na 24 kwa 36? Halikulipa. Alimpelekea mwanahisabati Blaise Pascal fumbo hilo, na barua ambazo Pascal na mwenzake Pierre de Fermat waliandikiana mwaka 1654 ndizo zinazohesabiwa kuwa chimbuko la somo zima. Ujanja ni kuhesabu kukosa badala ya kupata. Kukosa 6 mara moja ni 5/6. Kukosa mara nne mfululizo ni 5/6 × 5/6 × 5/6 × 5/6, yaani 0.482. Mwenye dau anashinda kwa asilimia 51.8. Kwa dadu mbili unazidisha 35/36 mara 24, na ushindi unashuka hadi asilimia 49.1.

Mpaka hapo dadu tunaijua, tunachotafuta ni itakavyoanguka. Katikati ya muhula mambo yanageuka: namba zimeshaanguka mezani, na sasa tunaulizwa zimetupwa na dadu ya namna gani. Hapo ndipo takwimu inapoanza, na waliozoea kukremu kanuni huanza kuzama. Kwa maoni yangu wahadhiri wengi hapo hupita mbio mno, wakiwahi majedwali ya t ya kupimia sampuli ndogo. Majedwali hayo yana utamu wake, maana aliyeyaanzisha mwaka 1908, William Gosset, alikuwa mtumishi wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin na aliandika kwa jina la kujificha, Student. Lakini jedwali halimsaidii asiyeelewa swali limegeuka.

Mfano ninaoupenda ni wa chai. Katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, Muriel Bristol, mtaalamu wa mwani, alidai akionja tu anajua kama kilichotangulia kikombeni ni maziwa au chai. (Sisi tunaochemsha maziwa, majani na tangawizi sufuria moja tusingefika huko.) Mwenzake Ronald Fisher aliligeuza dai hilo kuwa jaribio, akalieleza katika kitabu chake cha mwaka 1935: vikombe 8, vinne vilivyotangulizwa maziwa na vinne chai, vimechanganywa ovyo, na mwonjaji achague vinne vya maziwa kwanza. Kuchagua 4 kati ya 8 kuna njia 70. Anayebahatisha atapatia vyote mara 1 tu katika 70, kama asilimia 1.4. Ila akichanganya kimoja cha huku na kimoja cha kule, ushahidi unayeyuka: kupatia angalau vitatu kwa kubahatisha kuna njia 17 katika 70, karibu robo. Kitabuni Fisher hasemi matokeo yalikuwaje.

Sasa ile asilimia 1.4 ni uwezekano wa nini? Darasa hujibu kwa sauti moja: kwamba mama yule alibahatisha. Sivyo. Ni uwezekano wa kupatia vyote *iwapo* anabahatisha. Ukilitaka lile jibu la kwanza, sharti useme kabla ya kuonja ulimwamini kiasi gani. Njia ya kuhesabu hivyo ilitoka katika andiko la Thomas Bayes, mchungaji wa Uingereza, lililochapishwa mwaka 1763 yeye akiwa ameshafariki.

Kwenye ugonjwa tofauti hiyo huonekana wazi. Chukua watu 10,000, wagonjwa wakiwa 100. Kipimo kinawanasa wagonjwa 99, lakini kinawasingizia asilimia 5 ya wazima 9,900, yaani watu 495. Walioambiwa “chanya” ni 594, na wanaoumwa kweli ni 99: mmoja kati ya sita. Kipimo kinachomkosa mgonjwa mmoja tu katika mia! Wapime tena hao 594 kwa kipimo kingine cha ubora uleule ambacho makosa yake hayafuati ya kile cha kwanza: watabaki na chanya wagonjwa kama 98 na wazima kama 25, na sasa wanne kati ya watano wanaumwa kweli. Ndiyo maana kwenye upimaji wa VVU jibu la chanya la kipimo cha kwanza halitoshi. Damu hupimwa tena kwa kipimo cha aina nyingine kabla mtu hajapewa majibu yake.