Safari ya biashara isimeze faida ya mzigo

Wafanyabiashara wadogo wengi wanajua bei waliyonunulia mzigo na bei waliyouzia. Wasichokijua vizuri ni kiasi kilichopotelea katikati: nauli, gesti, chakula cha njiani, bodaboda, mkokoteni na usafirishaji wa mzigo. Fedha hizi hutoka kidogo kidogo, kwa hiyo haziumi. Lakini zikijumlishwa, mara nyingi ndizo zilizokula faida yote, na mwenye duka akabaki akilalamika kuwa biashara ni mbaya.

Tuchukue mfano wa mwenye duka la nguo Mbeya anayekwenda Kariakoo na mtaji wa Sh1,500,000. Anatarajia faida ya asilimia 20, yaani Sh300,000. Tuseme nauli ya kwenda na kurudi ni Sh100,000. Analala gesti siku tatu kwa Sh25,000 kila usiku, jumla Sh75,000. Chakula kwa siku nne ni Sh60,000, usafiri wa mjini na wabebaji Sh40,000, na kusafirisha mzigo Sh30,000. Jumla ni Sh305,000. Mtu huyu amesafiri zaidi ya kilomita 1,600 kwenda na kurudi, amechoka, na amepata hasara ya Sh5,000 kabla hajalipa pango la duka.

Akipunguza siku na kulala usiku mmoja tu, hesabu inabadilika. Gesti inakuwa Sh25,000, chakula Sh30,000 na usafiri wa mjini Sh20,000. Nauli na gharama ya mzigo zinabaki vilevile. Jumla inashuka hadi Sh205,000, na faida inayobaki ni Sh95,000.

Sasa tuseme wenye maduka watatu wamekubaliana mmoja aende kwa niaba ya wote, kila mmoja na mtaji wa Sh1,500,000. Nauli, gesti na chakula ni vya mtu mmoja, jumla Sh155,000. Usafirishaji wa mzigo unapanda hadi Sh90,000 na wabebaji na usafiri wa mjini Sh40,000. Jumla ni Sh285,000, sawa na Sh95,000 kwa kila mmoja. Kila mwenye duka anabakiwa na Sh205,000. Bidhaa ni zilezile na soko ni lilelile. Kilichobadilika ni mpango wa safari.

Utaratibu huo unahitaji uaminifu na maandishi. Kila mwenzake aandike aina ya bidhaa, idadi na bei ya juu anayokubali. Fedha zitumwe kwa simu au benki, na pale inapowezekana muuzaji alipwe moja kwa moja ili kuepuka kutembea na kitita. Gharama za kutuma na kutoa fedha nazo ziingizwe kwenye hesabu.

Basi na treni

Mabasi ya mikoani yaliruhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, baada ya miaka mingi ya zuio. Kwa mfanyabiashara, anayelala ndani ya basi anaokoa usiku mmoja wa gesti na kufika sokoni asubuhi. Hata hivyo, asiyeweza kulala njiani ajihadhari. Mnunuzi mwenye usingizi huchagua vibaya, na bidhaa mbovu ni ghali kuliko chumba.

Tiketi inunuliwe mapema katika ofisi ya basi au kwa mfumo wa kielektroniki, si kwa mpiga debe. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) huweka ukomo wa nauli kwa kila njia, na abiria anayeujua ni vigumu kumpiga bei. Nusu ya pili ya Desemba, hasa kwa njia za Moshi na Arusha, viti huwa adimu. Asiye na lazima afanye manunuzi yake mapema au asubiri Januari.

Abiria wa Dar es Salaam aangalie pia mwisho wa safari. Mabasi ya mikoani yalihamishwa kutoka Ubungo kwenda Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, kilichozinduliwa mwaka 2021. Kutoka pale hadi Kariakoo bado kuna safari nyingine. Treni ya umeme ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 kati ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma, inaishia katikati ya jiji, karibu na Kariakoo. Nauli za kawaida zilizotangazwa mwaka huo zilikuwa Sh13,000 hadi Morogoro na Sh31,000 hadi Dodoma. Anayelinganisha na basi asilinganishe nauli tupu. Ajumlishe usafiri wa kufika kituoni, muda, na masharti ya mizigo, ambayo ni vyema kuyaulizia kabla.

Gesti: mahali na msimu

Chumba cha bei ndogo kilicho mbali na soko kinaweza kuwa ghali. Ukiokoa Sh8,000 kwa chumba lakini ukalipa bodaboda Sh5,000 asubuhi na Sh5,000 jioni, umepoteza Sh2,000 pamoja na muda wako.

Msimu nao una bei yake. Wakati wa Nanenane mwanzoni mwa Agosti, vyumba hujaa karibu na viwanja kama John Mwakangale Mbeya, Nzuguni Dodoma na Themi Arusha. Hali hiyo hutokea pia Dar es Salaam wakati wa Sabasaba. Kikundi cha wakulima kinachokwenda kwenye maonyesho kipige simu wiki kadhaa mapema, kiulize bei ya siku zote kwa pamoja, na kipate risiti ya fedha ya kushikia vyumba. Wanaotaka kulala wawili waulize kwanza, kwani gesti nyingi haziruhusu watu wawili wa jinsia moja katika chumba kimoja. Chumba chenye vitanda viwili kikipatikana, gharama hugawanywa.

Ndege si anasa kila mara

Fastjet ilipoanza safari zake nchini mwishoni mwa mwaka 2012, ilitangaza nauli kuanzia Sh32,000 kabla ya kodi. Kampuni hiyo iliacha kuruka mwishoni mwa mwaka 2018, lakini somo lake limebaki: anayenunua tiketi mapema hulipa kidogo, na anayenunua siku za mwisho hulipa zaidi kwa kiti kilekile.

Mnunuzi wa dagaa na samaki anayetoka Dar es Salaam kwenda soko la Kirumba Mwaloni, Mwanza, hutumia siku nzima au zaidi njiani kwa basi, na takribani saa moja na nusu kwa ndege. Ajiulize siku mbili anazookoa zina thamani gani. Kama duka lake huingiza faida ya Sh60,000 kwa siku na hulifunga akisafiri, siku mbili ni Sh120,000. Tofauti ya nauli ikiwa chini ya hapo, ndege ni nafuu. Kama duka lina msimamizi, basi linatosha. Asisahau mzigo wa ziada, gharama ya kubadili tarehe, na usafiri wa uwanjani. Kwa wa Mbeya, Uwanja wa Songwe uko zaidi ya kilomita 20 kutoka mjini.

Kukodi gari

Ugomvi mwingi wa magari ya kukodi hutokana na makubaliano ya mdomo. Kabla ya kuondoka, iandikwe nani analipa mafuta, chakula na malazi ya dereva, ushuru wa mazao, wapakiaji, na siku ya kusubiri endapo soko litagoma. Gari la bei ndogo kwa siku linaweza kugharimu zaidi ya lile la bei moja kwa safari nzima.

Wakulima wenye mazao waulizie malori yaliyoleta saruji, soda au bidhaa za dukani mikoani, ambayo hurudi matupu. Mwenye lori hapendi kurudi bila mzigo, na hapo ndipo penye nafasi ya kupatana bei.

Kanuni ya kuondokea

Kabla ya kukata tiketi, jumla ya gharama zote za safari igawanywe kwa idadi ya magunia, au kwa mtaji wa bidhaa. Gharama ya kila gunia ikizidi faida ya gunia hilo, safari isifanyike mpaka mzigo uongezeke au wapatikane wa kushirikiana nao. Kama lengo ni kujua bei ya soko tu, simu mbili tatu kwa watu tofauti zinatosha.

Kila safari iandikwe, hata maji ya njiani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Baada ya safari tatu au nne, daftari hilo litaonyesha wazi ni safari ipi inayolipa na ipi ni matembezi.