Majivu, Ndimu na Manjano: Kufundisha Usafi kwa Majaribio

Mtoto yeyote aliyekwisha kumwagikiwa na mchuzi wa manjano juu ya shati jeupe la shule ameona jambo la ajabu: doa lililokuwa la njano hugeuka jekundu mara linapoguswa na sabuni, na shati likisuuzwa vema doa hurudia unjano wake. Wanafunzi wengi hulitazama jambo hili bila kuuliza sababu, na walimu wengi vilevile. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi doa hilo linavyoweza kuwa mlango wa somo kuhusu vitu vya kusafishia tunavyojitengenezea nyumbani, na jinsi somo hilohilo linavyoweza kuleta madhara likifundishwa kwa pupa.

Katika kukagua mazoezi ya kufundisha tumekutana na maandalio ya somo yanayofanana mno. Mwanachuo huandika ubaoni: majivu husafisha sufuria, ndimu hung'arisha shaba, magadi huondoa mafuta, siki husafisha vioo. Wanafunzi hunakili, kengele hulia, na somo limekwisha. Hakuna uongo katika orodha hiyo, lakini hakuna elimu pia, kwa kuwa mtoto amepewa majibu ya maswali asiyoyauliza. Twapendekeza somo lianze na uchafu wenyewe. Kabla ya kutaja dawa yoyote, mwanafunzi aulizwe: uchafu huu ni nini? Je, ni mafuta, ni kutu, ni ukoko mweupe wa maji ya chumvichumvi, au ni vijidudu visivyoonekana kwa macho?

Swali hilo wazee wetu walilijua kwa vitendo. Katika miaka ya mwanzo ya 1980, sabuni ilipoadimika madukani nchini Tanzania, akina mama walifulia majani ya mpapai na kuoshea vyombo majivu. Mwanafunzi akatumwe kwa bibi yake kuuliza walitumia nini na kwa uchafu upi. Majibu atakayoleta ndiyo zana ya kwanza ya somo, nayo haigharimu hata senti.

Siku moja kabla ya kipindi, mwalimu achekeche majivu ya kuni safi, wala yasiwe ya takataka zilizochomwa pamoja na plastiki. Ayatie katika ndoo ya plastiki, kikombe kimoja cha majivu kwa vikombe viwili vya maji, akoroge na kuyaacha yatuame usiku kucha. Asubuhi maji ya juu yachujwe kwa kitambaa. Ndoo ya alumini isitumike, maana maji ya majivu huila alumini. Kwa sababu hiyohiyo sufuria huweza kusuguliwa kwa majivu lakini lisilowekwe humo. Kisha achanganye manjano ya unga na maji kidogo, apake juu ya vipande vya karatasi nyeupe na kuvianika kivulini.

Darasani kila kundi lipewe vipande vichache. Tone la maji ya majivu likidondoshwa juu ya karatasi, unjano hugeuka wekundu wa kahawia. Maji ya sabuni na maji ya magadi hufanya vivyo hivyo. Maji ya ndimu hayabadili kitu, lakini yakidondoshwa juu ya doa lililokwisha kuwa jekundu, unjano hurejea. Hapo wanafunzi wenyewe wataanza kupanga vitu katika makundi mawili, na ndipo mwalimu atakapoyapa majina: alikali na asidi. Twaona ni kosa kuyatanguliza majina hayo ubaoni. Katika darasa la wanafunzi themanini, ambalo si geni kwetu, karatasi kumi zatosha. Anayedondosha ni mwalimu au kiongozi wa kundi, kwani maji ya majivu yaliyokolea huchubua ngozi na ni hatari kwa macho.

Jaribio la pili ni la mafuta. Chukua chupa mbili za plastiki zinazoonyesha ndani. Katika kila moja tia kijiko cha mafuta yaliyokwisha kukaangia, moja uiongezee maji matupu na nyingine maji ya majivu yenye uvuguvugu, kisha zifungwe na kutikiswa. Katika ile ya kwanza mafuta hupanda na kujitenga upesi. Katika ya pili maji hugeuka meupe kama tui na kukaa hivyo kwa muda, kwa sababu alikali imegeuza sehemu ya mafuta kuwa sabuni. Mwanafunzi aliyeiona chupa hiyo hahitaji kukaririshwa kwa nini bibi yake aliosha sufuria kwa majivu.

Kwa upande wa asidi, kufuli kuukuu la shaba au dele la kahawa lililofifia latosha. Ukwaju uliolowekwa, au ndimu, huyeyusha ule utando mweusi na shaba hung'aa. Ukoko mweupe ndani ya birika nao hulainishwa na asidi hiyohiyo. Lakini sakafu ya saruji isioshwe kwa ndimu, kwani huliwa. Tena mtoto anayekamua ndimu na kutoka juani bila kunawa huweza kutokwa na malengelenge mikononi.

Sasa tufike penye hatari. Ndimu ikimwagiwa juu ya magadi, povu hufoka, na darasa zima hushangilia. Povu hilo ni hewa ya kabonidayoksaidi inayotoka asidi na alikali zinapomalizana nguvu. Kinachobaki husafisha kidogo kuliko kila kimoja peke yake. Hatuna budi kukiri kosa letu. Tulipowaonyesha wanachuo povu hilo tulisema, kwa mzaha tu, kwamba dawa mbili zimeshikana mikono. Wiki chache baadaye mwanachuo mmoja, akisimamia usafi wa choo katika shule ya mazoezi, alimimina maji ya ndimu juu ya dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Yeye na wanafunzi wawili walitoka mbio wakikohoa na kutokwa machozi. Kwa bahati choo kilikuwa na madirisha mapana, wakapata nafuu. Tulipomwuliza, alijibu kwa adabu: "Mkufunzi, ulituambia zikishikana mikono hupata nguvu." Hatukuwa na la kumjibu.

Asidi yoyote, iwe ndimu, siki au ukwaju, ikikutana na dawa hiyo hutoa hewa ya klorini, ileile iliyotumiwa kuulia askari huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Mkojo uliotuama chooni nao hutoa hewa yenye sumu ukichanganyika na klorini. Choo kimwagiwe maji mengi kwanza. Tangu hapo tunawataka wanachuo waliandike onyo hili katika andalio lenyewe.

Limebaki suala la vijidudu. Majivu na ndimu havichukui nafasi ya klorini pindi kipindupindu kinapozuka. Hapo yafuatwe maagizo na vipimo vya wataalamu wa afya. Kunawa mikono kwa majivu ni kwa pale tu sabuni inapokosekana.

Kwa kupima uelewa, huwa tunaweka mezani vitu vinne: sahani yenye mafuta, kufuli lililofifia, birika lenye ukoko, na kikombe kinachong'aa ambacho mwalimu anasema kimetumiwa na mgonjwa wa kuhara. Vitatu vya kwanza wanafunzi huvijibu vizuri. Kwa kikombe, wengi hukimbilia ndimu kwa sababu ya harufu yake nzuri. Kipindi kinachofuata na kianzie hapo, jikoni, mbele ya sufuria la maji yanayochemka.